Anza na Zafarani

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua umeitikia, na najua umeshauliza kama nimekula. Nimekula, viazi vya jana. Nimekaa barazani kwako hapa Temeke, ni saa nne asubuhi, cherehani nimeiacha Tabata na sare za watoto wa watu hazijatiwa hata vifungo, simu inalia na mie siipokei. Leo nina maneno na wewe. Kaburini sitaki kuyasemea, pale watu wanapita, na mie nikianza kulia nina kelele, unanijua.

Nianze na ya nyumbani. Tangi la uani linavuja palepale uliposema litavuja. Yule mwalimu mpangaji wa chumba cha mbele amejifungua mtoto wa kike na kampa jina lako, kitoto chenyewe kinanuna tangu siku ya kwanza. Khanga zako nimezifua zote isipokuwa ile ya mauamaua uliyokuwa umejitanda siku ile. Hiyo nimeifunga kwenye mfuko na sijui nitaufungua lini. Redio niliizima siku ya mazishi kwa sababu ya wageni, na mpaka leo hakuna aliyeiwasha. Nyumba imekuwa kimya sana, Bibi. Sikujua kwamba kelele zote za nyumba hii zilikuwa ni wewe na hiyo redio.

Sasa ya hasira, maana hiyo ndiyo iliyonileta.

Ni Shebe. Shebe wetu, mjukuu wa marehemu Mzee Kombo mchota maji, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, uliyemwogesha kwenye beseni lako na ukamchapa kwa kulamba sukari yako. Siku hizi haitwi Shebe. Ana malori, ana maghala kule Mikocheni, amejenga Goba juu kabisa mlimani, na barabara ya mtaa inayopita kwake ameiwekea kizuizi cha chuma na mlinzi. Ukitaka kupita kwenda kwako unaandikwa jina. Barabara ya watu wote, Bibi! Binti yake kaolewa kwa tajiri mwenzake, kijana wake kaoa kwa tajiri mwingine, na huyo kijana, hata ndevu hazijamtosha, ameshakabidhiwa uenyekiti wa chama cha wenye malori uliokuwa wa baba yake, kama mtu anavyokabidhiwa saa ya ukutani. Hayo uliyajua ukiwa hai, na ulikuwa ukisema, "Mwacheni, mtoto katoka mbali." Ulikuwa unampenda. Kila Idi alikuja kukupa mkono, hilo silikatai.

Usilolijua ni kwamba mwaka huu Shebe anataka kuwa jumbe. Jumbe kama babu yako, wa kilemba na joho, kama wale mamwinyi wa pwani waliokuwa wakitawala huku kabla mji haujawa mji. Nilidhani mambo hayo yaliisha tulipopata uhuru na uchifu ukafutwa. Kumbe kuna kikundi cha wazee wa mila kimeanza kusimika watu upya, na wanaosimikwa, sijui ni ajabu gani hii, wote wana magari makubwa. Shebe naye kaambiwa kimebaki kitu kimoja tu, ukoo. Na ukoo hauuzwi dukani. Ukoo wa upande wetu huu umo kwenye daftari lako.

Lile daftari la majina. Nani leo anajua uzito wake? Kila hitima, kila mkesha wa Ramadhani, msomaji anachukua orodha ya marehemu wetu, anawataja mmoja mmoja, watu wanaitikia amina. Jina likishatajwa mbele za watu na kuitikiwa, basi huyo ni wenu, hakuna wa kubisha tena. Ndivyo tunavyojuana sie, hakuna cheti wala muhuri. Na tangu nikiwa darasa la pili, macho yako yalipoanza kukusumbua, nilikuwa mie ninayekusomea majina nyumbani kabla ya kumpelekea Maalim, nimekaa hapa hapa barazani miguu inaning'inia. Nikitaka kuanza na Jumbe, babu yako, kwa sababu ndiye mkubwa, unanipiga kikofi kidogo cha goti. "Anza na Zafarani."

Nilimpenda huyo Zafarani kwa jina lake tu, lilinukia pilau. Nikajiamulia kwamba alikuwa malkia. Unakumbuka nilivyowatangazia darasa zima kwamba mie ni mjukuu wa Malkia Zafarani, mwalimu akakuuliza njiani, ukacheka mpaka khanga ikakuanguka? Hukunisahihisha. Ulisema tu, "Malkia, ndiyo. Endelea kumsoma."

Ukanisahihisha mwaka huu, ulipokuwa huwezi tena kuinuka na mie nikija kila Jumamosi kukuosha miguu. Uliniambia Zafarani alinunuliwa akiwa mtoto, hata kwao hakukumbuka, akaletwa nyumbani kwa babu yako Jumbe, wakati mtaa huu wote ulikuwa shamba la minazi. Alichota maji ya nyumba nzima. Alimlea baba yako, kisha watu walipoachwa huru akabaki, maana angeenda wapi, akakulea na wewe mgongoni. Alizaa mtoto mmoja, Kombo. Na baba yake Kombo ulinitajia kwa namna yako, umetazama ukutani: "Kila mtu alimjua. Mwenyewe ndiye aliyekataa kujulikana." Niliacha kuosha. Nilikuwa nimeshika mguu wako mkononi na nikaelewa kwamba tunamsema Jumbe.

Kisha ukanieleza siku aliyokufa Zafarani. Ulikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Ikasomwa hitima, na wewe ukakaa mlangoni unasubiri jina lake litajwe, umeshajiandaa kuitikia kwa sauti. Wakasomwa majumbe wote, na wake zao, na wana wao. Wakafika mwisho. Jina halikuja. Ukamuuliza mama yako, akakufinya mkono ukanyamaza. Miaka ikapita, ukaolewa, ukazaa, ndipo yakaja madarasa ya watu wazima, nawe ukaenda na watoto wako ukajifunza kuandika. Wenzako wote waliandika majina yao kwanza. Wewe ulinunua daftari, ukafungua ukurasa wa kwanza, ukaandika Zafarani. Mzee Kombo alipokufa ukaongeza chini yake, Kombo mwana wa Zafarani. Herufi zimelala kila upande, na ile Z imeandikwa kinyume. Nazijua herufi hizo kuliko ninavyoujua uso wangu.

Uliniambia habari hiyo nisiirushe usoni mwa mtu. "Jina lisomwe. Hadithi yake iacheni ilale." Nikakuahidi, Bibi, mikono yangu ikiwa na sabuni.

Sasa nakwambia kosa langu, maana kosa ni langu.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Mjomba Athumani alinichukua twende Goba. Alisema Shebe anataka kuisimamia arobaini yako yote, turubai, pilau, maspika, na kaburi alijengee marumaru. Mjomba alikuwa na lake pia, sikatai kumsema na wala simcheki: mwanawe huu mwaka wa nne anazunguka na vyeti kwenye bahasha akitafuta kazi, na Shebe alishaahidi kumpa kazi kwenye maghala. Siku hiyo mvua ilinyesha. Tulipofika getini mlinzi akanipigia kelele, "Mama, funga mwavuli, kamera ikuone sura." Nikafunga, nikalowa. Na nikiwa nimesimama pale maji yananitiririka shingoni nikakukumbuka ukisimulia kwamba zamani mtu akipita mbele ya baraza la Jumbe hufunga mwavuli na kuvua viatu, jua liwe kali, mvua iwe kubwa. Nilikuwa nikidhani unanisimulia mambo ya kale.

Ndani kuna kiti, Bibi. Kiti kimoja kirefu mgongo, kimechongwa nakshi, kimewekwa peke yake mwisho wa sebule, na ukutani picha ya Shebe kavaa joho. Alitupokea vizuri, sitasema uongo. Alinishika mkono, akatokwa na machozi kidogo alipokutaja. Akasema, "Sista, nyie tulieni tu. Mie ndio namsitiri Bibi. Ila lile daftari naliomba mara moja, Maalim apangiwe majina vizuri, tusije tukaruka mtu."

Tusije tukaruka mtu! Alitamka hivyo hivyo.

Roho yangu ilisita. Lakini Mjomba akanitazama na kusema, "Mwajuma, mpe." Na mie ni binti wa dada yake, nimelelewa kutomwambia mjomba hapana mbele ya watu. Nikalitoa kwenye mkoba, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama ulivyokuwa ukilifunga, nikampa. Hiyo ndiyo adabu uliyonifundisha, na ndiyo iliyotuponza. Ningekuwa mtoto mkorofi kidogo tu, daftari lisingetoka mkobani.

Lilirudi baada ya siku kumi, limewekwa kwenye bahasha nzuri nene. Nikalifungua. Linaanza na Jumbe.

Nikadhani nimefungua vibaya. Nikalirudisha nyuma, nikaligeuza. Mie ni fundi, Bibi, maisha yangu yote nakata vitambaa, najua kitu kilichochanika na kitu kilichokatwa. Ukurasa wa kwanza umekatwa kwa wembe na rula, umenyooka kabisa, karibu sana na mshono ili usionekane. Mtu alikaa chini na kufanya kazi hiyo kwa utulivu. Yale maandishi yako ya kwanza duniani, uliyoyaandika ukiwa mama mtu mzima unatoa ulimi nje kwa bidii, yametupwa, au yamechomwa, sijui. Nilikaa sakafuni Tabata na wateja wapo mlangoni, nikalia mbele yao kama mtu aliyefiwa jana.

Nilipompigia Mjomba alisema hajui chochote. Nikamwamini. Halafu akaongeza, "Na hata kama, Mwajuma, wakubwa walikuwepo tangu zamani. Kila zama na wake. Leo ni hawa."

Neno hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Nikishona nalisikia. Kila zama na wake! Mwanzo nilikasirika kwa upande mmoja. Nilisema hawa si wakubwa wa kweli, hawa ni watu wa malori waliovaa joho. Jumbe alikuwa na haya, nikasema, mwaka wa njaa alifungua ghala watu wakala, alikaa barazani akasikiliza kesi za watu, alijulikana na alijua watu. Shebe anafunga barabara na hajui hata jina la jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nikajiona mie ndiye wa ukoo bora. Ndiyo, Bibi, nilijivuna, mie mshona sare wa Tabata.

Kisha nikakukumbuka siku niliyosema maneno kama hayo mbele yako, ukaniambia, "Usimpambe babu yangu. Hiyo nafaka aliyogawa ilitoka mashambani kwa nani?"

Hapo hasira ikageuka, ikawa kubwa zaidi na haikuwa na mtu mmoja. Kwa sababu niliona kwamba Shebe hajakosea njia hata kidogo. Ndivyo majumbe walivyopatikana. Kulikuwa na mtu wa kwanza naye, siku moja huko nyuma, aliyepata mali kwa namna anayoijua mwenyewe, akajenga ukuta, akaoza watoto wake kwa wenzake, akaamuru miavuli ifungwe, halafu akaita mtu amwandikie ukoo mzuri na majina mengine yasiandikwe. Watu wakaitikia amina, na wajukuu wakazaliwa wakakuta ndivyo ilivyo. Wanaouliza kama matajiri wa leo wanafanana na mamwinyi wa zamani wanauliza kama mtoto anafanana na baba yake. Wanafanana. Hawajazeeka tu. Tuwape miaka hamsini, na vitukuu vya Shebe vitasimuliwa kwamba babu yao alikuwa na haya na alifungua ghala.

Na linalonikata maini ni hili, kwamba Shebe hadanganyi lote. Ni damu ya Jumbe kweli! Ni ndugu yetu, babu yake alikuwa baba yako mdogo. Jumbe alimkataa Kombo, akamwacha achote maji mpaka mgongo ukapinda, na ningemsaidia Shebe kwa mikono miwili kama angesimama mbele ya watu akasema, mie ni mjukuu wa mtoto aliyekataliwa, nataka haki ya babu yangu. Ningemshonea joho hilo bure. Lakini yeye hakutaka haki ya babu yake. Alitaka kupita mlango uleule wa Jumbe na kumwacha mwanamke nje. Zafarani amefutwa mara mbili, Bibi. Mara ya kwanza na waliomnunua, mara ya pili na aliowazaa.

Arobaini yako ikafanyika Jumapili baada ya Adhuhuri. Walifunga mtaa. Mbele kulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na utepe, vya wageni wa Shebe, na wazee wa mtaa huu, waliokubeba mabegani mpaka kaburini, wamekaa nyuma juani kwenye viti vya plastiki. Sie wanawake tulikuwa ndani uani kwenye mikeka. Niliona kila kitu kupitia mlango. Maalim wetu, mzee sasa, kapewa karatasi ngumu ya kumetameta yenye majina yamepigwa chapa.

Akasoma. Jumbe. Baba yake Jumbe. Babu yake Jumbe, ambaye hata wewe ulikuwa humjui. Kisha, Kombo mwana wa Jumbe. Nikasikia watu wa mtaa wakijikohoza, maana Mzee Kombo walimjua na ndoo zake. Kisha baba yake Shebe, mama yake Shebe, na mama mkwe wa Shebe. Wewe ulikuja wa nane. Hitima yako mwenyewe, umesomwa baada ya mama mkwe wa Shebe! Ungekuwepo ungesonya hadi Mbagala wasikie.

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nilikuahidi sitarusha habari ya mtu usoni mwake, na pembeni yangu alikaa Bi Tatu, dada mkubwa wa Shebe, yule anayekaanga vitumbua hadi leo kwenye nyumba yao ya tatu kutoka hapa, ambaye mdogo wake huyo hajawahi kumjengea hata choo. Ningemwaibisha na yeye. Nikauma khanga.

Lakini Maalim alipomaliza karatasi alifanya kama anavyofanya siku zote. Akainua uso na kusema, "Kama yupo aliyesahaulika, atajwe."

Unajua desturi. Wanaume hutaja wenyewe, sie huandika kikaratasi kikapelekwa. Sikuwa na kalamu. Nilisimama. Sikumbuki kuvuka mikeka, nakumbuka niko mlangoni, jua usoni, na watu wote wamegeuka. Nikasema, "Zafarani." Sauti ilikuwa ndogo. Nikasema tena kwa sauti yangu ya kweli, "Zafarani! Na Kombo mwana wa Zafarani."

Sikusema zaidi ya hapo. Sikusimulia kitu. Lakini watu wa pwani hawahitaji kusimuliwa mtu akiitwa kwa jina la mama yake. Niliogopa, Bibi. Niliogopa kwamba litapita tena kama lilivyopita ukiwa mtoto mlangoni. Maalim alinitazama, akatazama viti vyeupe, akaisogeza maiki mdomoni. Akasema polepole, "Zafarani. Kombo mwana wa Zafarani."

Na amina ya kwanza haikutoka kwangu. Ilitoka nyuma yangu, uani, kwa Bi Tatu, kubwa, ya mtu anayeita mtu aliye mbali. Ndipo mtaa mzima ukaitikia.

Shebe alikaa anatazama mikono yake. Kisha akasimama, akanyoosha kanzu, akaenda kwenye gari, na viti vyeupe vikamfuata kimoja kimoja. Pilau tukala sie, sinia moja watu watano, wazee wakahamia kivulini mbele. Kabla ya Alasiri walikuja vijana kung'oa turubai na watu bado wanatafuna, jua likatuwakia. Marumaru zilizokuwa zimepangwa kando ya kaburi lako zilibebwa keshoyake. Umebaki na udongo wako na kibao chako cha mbao, na mie nashukuru, ingawa najua ungependa marumaru. Ulikuwa unapenda vitu vizuri.

Shebe atasimikwa tu. Nasikia siku imepangwa na joho jipya limeagizwa. Sikushinda kitu chochote huko Goba, usidhani nimeshinda. Na kijana wa Mjomba kazi hakupata. Mjomba aliniambia, "Umeniua, Mwajuma. Umeniua mie na mwanangu," na hajanipigia tena. Hilo linaniuma. Ndivyo wanavyotuweka. Wanashika njaa ya mtoto wako mkono mmoja na kwa mkono wa pili wanakuomba daftari.

Bi Tatu alibaki siku ile mpaka watu wote wakaondoka. Alinisaidia kuosha masinia. Halafu akaniambia kwamba baba yake alipokuwa anakufa, kwenye homa, alikuwa akimwita bibi yake, Bibi Zafa, Bibi Zafa, na wao wakati ule wakadhani anaweweseka, kwa sababu Zafarani walimsikia kwenye hitima zetu tu na hakuna aliyewaambia kuwa ni bibi yao. Sikumsimulia, Bibi, niliishika ahadi. Hakuhitaji, alishajua nusu, na nusu nyingine ataniuliza akiwa tayari, na hapo sitamficha, nakuomba radhi mapema. Alichoniomba siku hiyo ni daftari. Na kalamu.

Nilitoa karatasi mpya, nikaishona kwa uzi wa sare kwenye ule ukingo uliokatwa, ikashika vizuri. Bi Tatu akajifuta unga vidoleni, akainama, akaandika mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Herufi zimelala kila upande. Nilimtazama akitoa ulimi nje na ilibidi niingie ndani nikajifanye natafuta kiberiti.

Kuna jambo moja nililotaka kulifanya na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kumfuta Jumbe. Mstari mmoja tu, naye asikie inavyokuwa. Kisha nikamkumbuka aliyeshika wembe Goba, jinsi mkono wake ulivyokuwa umetulia, nikaiweka kalamu chini.

Lala, mke mwenzangu. Sina marumaru ya kukupa. Nakuahidi hili daftari halitatoka tena mkobani kwangu, aombe mjomba, aombe mkubwa yeyote. Na kila litakaposomwa, nikiwa hai, na baada yangu kwa kinywa cha nitakayemfundisha, litaanza hivi. Zafarani. Kombo mwana wa Zafarani. Kisha wewe, Mwanaidi, uliyelelewa mgongoni mwa Zafarani, ndivyo nilivyokuandika. Na Jumbe yumo. Nimemwacha palepale ulipomwandika, ila kusomwa nimemweka mwisho kabisa, asubiri mpaka wote waitwe.

Mjukuu wako,
Mwajuma